Rangi Imeondoka, Kaboni Imebaki

Juma lililopita nililetewa chupa nyingine ya maji machafu yaliyosafishwa. Msimamizi wa kiwanda kimoja cha kufulia jinzi, upande huu wetu wa bara, aliitua mezani kwangu akasema: “Dada, hebu yatazame. Jana yalikuwa ya buluu, leo yametakata. Fenton imemaliza kazi, tuyaachilie.” Fenton ni njia ya kuchoma uchafu wa maji kwa chuma na haidrojeni peroksaidi. Kuyaachilia maana yake mfereji, na mfereji ule unaishia kwenye mikoko ya hori ya Tudor, hapa Mombasa. Nimelijibu jambo hili mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni. Leo nimekaa kuliandika.

Mmenyuko wenyewe haunichukui muda. H. J. H. Fenton aliueleza mwaka 1894, alipooksidisha asidi ya tataraki kwa chuma na haidrojeni peroksaidi. Unatia salfeti ya feri, yaani chumvi ya chuma, unashusha pH (kipimo cha asidi) karibu na 3, unadondosha peroksaidi polepole. Radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye njaa ya elektroni, inazaliwa, inapora elektroni kwa chochote kilicho karibu nayo, inatoweka kabla hujapepesa jicho. pH ikipita 4 chuma kinaanza kuganda kuwa tope na kazi inalala. Peroksaidi ukiimwaga yote kwa pamoja, radikali zitaila hiyo peroksaidi yenyewe badala ya uchafu. Risasi na metali nyingine haziharibiwi kwa njia hii hata kidogo, maana elementi haichomeki ikaisha. Basi.

Sasa hii rangi. Buluu ya jinzi kwa kawaida ni indigo, ila tuchukue mfano wa rangi za azo: molekuli ya azo inaonekana kwa sababu katikati yake kuna nitrojeni mbili zilizoshikana, zikiunganisha pete za benzini. Kata hapo tu, jicho halioni tena kitu. Radikali hukata hapo mapema, mara nyingi ndani ya dakika chache. Lakini pete zile bado zimo majini, na baadhi ya vipande vinavyobaki vina sumu kuliko rangi uliyoanza nayo. Ukiendelea kuchoma, pete zinafunguka na kuwa asidi fupifupi: ya fomiki, ya asetiki, ya oksaliki. Hapo ndipo mwendo unapokwama. Asidi ya oksaliki humenyuka na radikali polepole mno ukilinganisha na pete, tena inakishika chuma cha feriki, kile kilichokwisha kutoa elektroni yake, na kukizuia kurudi kuwa feri, kile kinachofanya kazi. Kaboni uliyokuwa nayo asubuhi, sehemu kubwa ungali nayo jioni, ila haina rangi.

Na jicho hudanganya upande wa pili pia. Chukua maji yenye fenoli, meupe kabisa, uyatie Fenton. Katikati ya kazi yatageuka kahawia, kwa sababu fenoli imekuwa haidrokwinoni na benzokwinoni, na hizo ni kali kuliko fenoli yenyewe. Nimewahi kuona fundi akizima pampu ya peroksaidi kwa kuogopa kahawia ile, na akawa amesimama mahali pabaya kuliko pote.

“Lakini tulipima COD,” wananiambia, yaani kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuuchoma uchafu wote. Mlipima peroksaidi ikiwa imekwisha? Peroksaidi iliyobaki hula daikromati, kemikali inayochoma uchafu kwenye kipimo hicho: kwa hesabu, miligramu 1,000 katika lita huongeza takriban 470 kwenye jibu. Kiwanda kinaona COD imepanda, kinaongeza peroksaidi, inapanda tena. Na hesabu ya dozi ni hii: kuchoma gramu 1 ya COD hadi mwisho kunataka gramu 2.1 hivi za peroksaidi, hata kama hakuna kinachopotea. Aliyetia robo ya kiasi hicho amenunua weupe tu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo halimo katika maelekezo yanayokuja na mitungi. Bomba la maji likikauka, kiwanda hufungulia kisima, na visima vingi vya Mombasa vina chumvi. Kloridi ya chumvi hiyo hukinyang’anya chuma radikali zake, na zile radikali za klorini zinazozaliwa badala yake zinaweza kujibandika kwenye vipande vya kaboni na kutengeneza vitu ambavyo havikuwamo mwanzo. Maji ya mawe ya matumbawe nayo yana bikaboneti nyingi, yanakunywa asidi mpaka mhasibu analalamika.

Vitabu huchora radikali ya haidroksili kana kwamba ndiyo mtendaji pekee. Wanakemia Haber na Weiss waliipendekeza katika mwaka wa 1934, na mpaka leo wanakemia wanabishana kama wakati mwingine mtendaji ni ferili, chuma kilichopanda hadi hali ya oksidisho ya 4. Kwenye pH 3 mimi niko upande wa radikali. Karibu na pH 7 siwezi kula kiapo, ndiyo maana siharakishi kumwamini muuzaji wa “Fenton isiyotaka asidi”.

Tunalo jua, na jua huvunja ule mfungamano wa feriki na oksaleti (ile asidi ya oksaliki), likarudisha feri kazini. Beseni pana la kina kifupi, saa za mchana, kisha chokaa na kulitua tope. Ningependa sana kuliona likijengwa hapa.

Kwa sasa, anayeniletea chupa aniletee na TOC, jumla ya kaboni ya uchafu majini, ya kabla na ya baada, kipimo cha peroksaidi iliyobaki, na aniambie kama siku ile walitumia bomba au kisima.