Pampu ya pumu nayo ni dawa, itaje dukani

Nauza dawa Mbagala. Juzi alikuja mama mmoja kutafuta diklofenaki ya goti. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anatumia, akasema hakuna. Alipofungua pochi kutoa hela, nikaona pampu ya bluu. "Mama, na hii?" "Aa, hiyo ya kuvuta tu."

Dhana: Dawa ya kuvuta huishia kifuani, haigombani na nyingine.

Sehemu yake huingia kwenye damu. Ndiyo maana ukivuta salbutamoli, dawa iliyomo kwenye pampu kama ile ya bluu, mara nyingi mikono hutetemeka na moyo hwenda mbio. Na kuna dawa zinazoizuia palepale kifuani. Propranololi, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo na presha, huziba milango ileile ambayo salbutamoli hupitia ili kulegeza njia ya hewa. Unavuta, kifua hakifunguki.

Linaloniumiza zaidi ni matone ya presha ya macho yenye timololi. Nani atafikiri tone la jichoni litambana kifua? Lakini tone hushuka kwa mfereji wa machozi hadi puani, likaingia kwenye damu, likafanya kama propranololi. Kwa mwenye pumu hiyo ni hatari kweli.

Dhana: Dawa za maumivu hazihusiani na pumu.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi ya wenye pumu, si wote. Ukiwahi kubanwa na mojawapo, usijaribu ile nyingine. Wengi huvumilia parasetamoli vizuri.

Dhana: Anayetumia ARV anaweza kuvuta pampu yoyote.

Inategemea. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya ARV, huzuia ini lisivunje flutikasoni na budesonidi, dawa za baadhi ya pampu za pumu. Dawa hizo hujazana mwilini, uso ukavimba, sukari ikapanda. Pampu ya beklometasoni kwa kawaida ni salama zaidi. Usiache ARV wala pampu. Waonyeshe CTC, kliniki unakochukulia ARV, pampu yenyewe.

Yule mama nilimwomba atoe vyote juu ya kaunta. Chini ya leso kulikuwa na kichupa cha matone, timololi. Akakumbuka kwamba tangu aanze kuyatia anaamka usiku kifua kimembana. Sikumwambia ayaache kienyeji, maana presha ya macho nayo hupofusha. Diklofenaki sikumuuzia. Nilimwandikia majina yote mawili, la pampu na la matone, kwenye karatasi, akapanda daladala saa ileile kurudi kwa daktari wake wa macho.