Binti akishatoka kwenye nyumba ya watu, nani anampa hela ya sabuni?

Saa kumi na nusu alfajiri nikasikia fagio nje. Nilikuwa zamu kwenye nyumba salama na binti tuliyemtoa kwenye kazi za ndani ndo alikuwa amelala kwetu usiku wake wa kwanza, nikatoka na tochi ya simu nikamkuta ameshafagia uwanja wote, ndoo tatu za maji zimejaa pale mlangoni, na sasa anatafuta mkaa. Nikamwambia mwanangu rudi kalale, hapa huna kazi ya mtu. Akasimama na fagio lake akaniuliza, "Anti, kwani nimekosea wapi?"

Nafanya kazi ya ustawi wa watoto hapa Dodoma mwaka wa 11 sasa, na swali lile bado nalisikia. Watu wengi wakisikia tumemtoa mtoto kwenye nyumba alikokuwa anatumikishwa wanapumua, wanaona imeisha hiyo. Mimi nawaambia siku ya kumtoa ni siku moja tu na mara nyingi ndo siku rahisi kuliko zote. Kazi inaanza kesho yake, na inachukua mwaka, miwili, wengine zaidi.

Kwanza tuelewane wanafikaje huku. Kwetu kanda ya kati mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba hivi inakata Aprili, mavuno ni Mei na Juni. Mwaka ambao mvua imekata Februari, mtama na uwele vinaishia kukauka shambani, basi Januari mpaka Machi ya mwaka unaofuata ghalani hamna kitu. Ndo hapo anakuja mama fulani kijijini, anajulikana, pengine ni ndugu wa mbali, anasema mjini kuna familia nzuri inatafuta msichana, atakula vizuri, atasomeshwa hata cherehani. Mwingine anachukuliwa Oktoba, yaani kamaliza tu mtihani wa darasa la saba Septemba, hata matokeo hajayasubiri. Wanatoka Chemba, Bahi, Mpwapwa, Kondoa, wanatoka Manyoni na Ikungi upande wa Singida. Na soko lipo, tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 mji umefumuka, nenda Kisasa, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni uone nyumba zilivyoota, baba na mama wote wako ofisini kwenye mji wa serikali Mtumba na mtoto mchanga yuko nyumbani, lazima awepo mtu. Zamani dada alikuwa anapandishwa basi la Dar, sa hivi anashukia stendi ya Nanenane hapahapa.

Simlaumu mzazi haraka. Nimekaa na akina mama wengi kwenye mikeka yao, na sijakutana na hata mmoja aliyeniambia nimemuuza mwanangu. Wanasema nimempeleka akapunguze mdomo hapa nyumbani na yeye apate. Ukimuita mzazi huyo mhalifu mbele ya balozi wa shina umeshampoteza, na ukimpoteza yeye mtoto atarudi wapi?

Sasa sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomharibia afya wala shule. Kazi ya kinyonyaji hairuhusiwi, kazi ya usiku hairuhusiwi, na usiku kwa sheria ile ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Soma tena hizo saa halafu fikiria nyumba unazozijua. Na mtoto anayefanya kazi ana haki ya kulipwa, siyo kupewa nguo za mitumba sikukuu ikifika ukasema nimemlea. Kama kuna mtu kamsafirisha kwa kumdanganya ili akatumikishwe, hapo tumeingia kwenye Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, ni jinai, hiyo siyo ya kuyamaliza na mwenyekiti wa mtaa kwa soda.

Lakini siyo kila binti mwenye miaka 15 au 16 unayemkuta anafanya kazi za ndani ni wa kumtoa mbio. Najua kuna wenzangu hatukubaliani hapa. Nimeona mabinti wametolewa kwenye nyumba ambayo wanalipwa, wanalala kitandani, simu wanapigia nyumbani, wakarudishwa kijijini kwenye njaa, miezi mitatu mbele wako kwenye grosari wanauza pombe na huko hakuna hata wa kumuuliza umekula. Huyo wa nyumba nzuri msaidie akiwa palepale, apate makubaliano ya maandishi, siku ya kupumzika, muda wa kusoma. Wa kutoa bila mjadala ni aliye chini ya miaka 14, anayepigwa, anayefungiwa, anayeguswa na baba wa nyumba au kijana wa nyumba, asiyelipwa, asiyeruhusiwa kuongea na kwao. Kwa hao hatusubiri wiki.

Na usivamie mwenyewe tafadhali, hata kama unasikia mtoto analia ukuta wa pili. Piga 116, ni simu ya mtoto, ni bure, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukigombana na jirani yako getini, usiku uleule binti anahamishwa, asubuhi unaambiwa amerudi kwao, na hapo kumpata ni shughuli.

Narudi kwa binti wa fagio. Alianza kazi Machi 2023 akiwa na miaka 16, tukamtoa Mei 2024, miezi 14. Bosi wake alikuwa na biashara ya chapati na vitumbua, binti anaamka saa tisa usiku anakanda unga, mchana watoto na usafi, usiku anaosha masufuria ya biashara mpaka saa tano. Analala stoo kati ya magunia ya unga. Aliahidiwa 40,000 kwa mwezi na hakuwahi kuishika, anaambiwa inatunzwa. Tulipokaa kwenye kikao bosi akasema kwa sauti ya kujiamini kabisa kwamba anadaiwa 560,000 na yuko tayari kuongea. Nikatoa karatasi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, hicho ndo kilikuwa kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo 60,000 mara 14 ni 840,000, makubaliano yenu ya mdomo hayawezi kushusha kiwango cha sheria. Binti alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, niliposoma ile namba akanyanyua uso akaniangalia mimi, halafu akamwangalia bosi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia kazi yake ina hesabu.

Hilo la hesabu nalisisitiza kwa sababu mashirika mengi yanaruka. Wanamchukua mtoto na mfuko wake wa rambo basi, madai yanabaki. Madai ya mshahara kwenye Tume ya Usuluhishi, ile CMA, yana siku 60, kama ni kuachishwa kazi ni siku 30, ukichelewa kuna fomu ya kuomba muda lakini inabidi uwe na sababu ya maana. Kwa hiyo wiki ya kwanza kabla ya mengine yote andika naye: ulianza lini, uliahidiwa nini, nani alikuwepo, ulilala wapi, ulipewa nini. Asiyejua tarehe anakumbuka kwa matukio, ilikuwa wakati wa kuvuna alizeti, ilikuwa Idi, mtoto wa bosi alikuwa hajaota meno. Hayo yote ni ushahidi. Yule bosi alilipa kwa awamu nne na kila awamu ilisainiwa ofisini.

Kosa ninalojutia nililifanya mwanzoni kabisa mwa kazi hii. Binti wa miaka 13 tulimtoa mwezi wa Juni, tukampeleka kwao kijijini, mama akalia, tukapiga picha ya faili, tukaondoka tumeridhika. Januari nikamkuta stendi, dalali yuleyule, mfuko uleule. Nyumbani ghala lilikuwa limeisha tena. Tulimrudisha mtoto, ile Februari yao hatukuigusa. Tangu siku ile simrudishi mtoto nyumbani kabla sijaijua familia itakula nini miezi ile mitatu, nani anadaiwa, baba wa kambo ni mtu wa namna gani, na mtoto mwenyewe anataka nini. Kama nyumbani hakufai kuna ndugu, bibi, shangazi, au mlezi wa kuaminika anayesimamiwa na ustawi. Nyumba salama ni ya kupita, siyo ya kukulia.

Halafu kuna hii ambayo haionekani kwenye ripoti yoyote. Wiki ya tatu nilimpeleka yule binti dukani, nikampa 5,000 nikamwambia nunua vitu vyako, sabuni, mafuta, unachotaka. Akasimama mbele ya kaunta dakika nyingi mpaka muuza duka akaanza kumsemesha. Mwisho akaniuliza, "Anti, wewe unatumia ipi?" Miaka 17 na hajawahi kuchagua sabuni. Mtu ambaye kila kitu ameamuliwa na mwingine, ale saa ngapi, avae nini, aongee na nani, ukimpa mtaji wa laki mbili utauona uko kwa mchumba ndani ya mwezi, siyo kwa sababu ni mjinga, ni kwa sababu kusema hapana hajawahi kufanya mazoezi nako. Tunaanzia kwenye sabuni. Tunaenda kwenye daftari la matumizi, tunaenda kwenye kikundi cha kuweka hisa ambapo anasimama mbele ya wenzake anasema wiki hii sina, na hakuna anayempiga.

Na karatasi jamani. Bila cheti cha kuzaliwa, akifika miaka 18 kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kinamsumbua, bila NIDA hana laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hela yake inakaa kwenye simu ya mtu. Nimeona mabinti wanafanya kazi nzuri kabisa, hela yote inapita kwa kaka. Faili la cheti tunalifungua mwezi wa kwanza.

Upande wa ujuzi nina ugomvi na cherehani. Kila mradi unagawa cherehani, mtaa mmoja una mafundi nguo sita wanasubiri sare za shule Januari. Muulize anapenda nini, halafu nenda sokoni Majengo ukaangalie nani atanunua. Aliye mdogo nafasi yake ni shule, ada ilifutwa tangu 2016, aliyepitwa darasani kuna MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na tangu Novemba 2021 hata aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mkubwa kidogo kuna vyuo vya ufundi vya VETA, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Chisalu kule Mpwapwa na Munguri Kondoa. Na wengine ujuzi wanao tayari! Binti aliyepika kwa ajili ya watu na kulea vichanga miaka mitatu siyo mtu asiye na fani, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, anapata cheti kwa anachokijua. Angel Benedicto aliyeanzisha WoteSawa, shirika linalotetea watoto wafanyakazi wa ndani kule Mwanza, alikuwa mfanyakazi wa ndani utotoni, na nawasimulia mabinti habari zake mara nyingi, maana wanadhani walichopitia ni uchafu wa kuficha.

Binti wa fagio hakutaka cherehani. Alisema, "Mimi unga naujua." Nikasita, nikaogopa kumrudisha kwenye chapati zilizomtesa, kumbe yeye haogopi unga, alichokuwa anaogopa ni yule mama. Alisoma mapishi miezi sita, akajiunga na mwenzake wakapanga chumba Nkuhungu, kodi nusu kwa nusu, wanauza chapati asubuhi karibu na kituo cha daladala. Saa tisa haamki. Ameamua biashara inaanza saa moja, wateja wa saa kumi na moja waende kwingine.

Ana miaka 19 sasa. Juzi alikuja ofisini na daftari lake, anataka tupige hesabu. Mdogo wake amechaguliwa kidato cha kwanza na mama ameshaanza kusema maneno ya yule ndugu wa mbali. Yeye alitaka kumchukua mdogo aje Nkuhungu, tukaona kile chumba hakiwezi watu watatu, tukabishana kidogo, akafuta, akaandika upya. Atapeleka sare na madaftari. Na Mei, mtama ukishuka bei, atanunua magunia mawili na ile mifuko ya kuzuia wadudu, ayapeleke kijijini mwenyewe, amwambie mama haya yasifunguliwe mpaka Januari. Kwenye daftari ameandika "mtama wa Februari" na ameanza kuweka 3,000 kila wiki.