Kuchanganya ATRA na vitamini D3 sio kujumlisha asilimia jamani

Juzi tena nimeletewa grafu ya HL-60, seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara: ATRA (dawa ya jamii ya vitamini A inayozikomaza seli hizo) peke yake NBT (kipimo kinachoipaka bluu seli iliyokomaa) asilimia 40, vitamini D3 peke yake 40, zote pamoja 70, na juu yake kwa herufi kubwa SINEJI, yaani eti dawa mbili zimeongezeana nguvu. Sineji ipi? Kama kila dawa inafanya kazi kivyake, ya pili inazikuta seli 60 zimebaki, inakomaza 40% ya hizo, yaani 24, jumla 64. Umeizidi kwa pointi 6, na umehesabu seli 200 kwa macho, hapo bahati tu inakusogeza pointi 3 huku na huku, bado hatujabishana ipi ni bluu na ipi ni kivuli.

Lakini kinachonikera hasa ni flaski yenyewe, hakuna anayeiangalia. Chukua seli 100, 40 zimekuwa bluu. Weka dawa ya pili ambayo haikomazi hata moja ila inaua 40 kati ya zile changa. Sasa una 40 za bluu kwenye 60 hai, asilimia 67! Hakuna seli hata moja iliyoongezeka kukomaa, ni mochwari tu imejaa. Ndo maana nikiona asilimia bila idadi ya seli hai kwa mililita sisomi, naruka.

Halafu ATRA inazisukuma seli kwenda neutrofili, D3 monositi (zote ni aina za seli nyeupe za damu), na NBT zote inazipaka bluu, CD11b, alama ya juu ya seli inayokomaa, nayo inapanda kotekote. Pima CD14 basi, alama ya monositi.

Oh lakini ATRA na aseniki mbona zinatibu APL, ile aina ya saratani ya damu? Zinatibu, tena sana, jaribio la Lo-Coco la 2013 kwa wagonjwa wasio wa hatari kubwa lilipata 97% bila tukio baya kwa miaka miwili, dhidi ya 86 za ATRA na kemo. Ila pale zote mbili zinavunja protini moja inayoleta APL, PML-RARA, ATRA inaishika upande wa RARA, aseniki upande wa PML. HL-60 haina hiyo protini kabisa! Unataka hoja hiyo tumia NB4, seli za maabara zenye protini hiyo.

Na HL-60 hata "ikikomaa" haitengenezi laktoferini, protini ya neutrofili iliyokomaa, kama neutrofili ya damuni, kwa hiyo wakinibana ni ngapi zimekomaa kweli nawatajia CD11b na CD14, zaidi ya hapo sithubutu.