Hong Kong: bandari huru iliyozungukwa na forodha

Wengi wakisikia "bandari huru" hudhani ni mahali pasipo na forodha. Hong Kong chini ya Waingereza inaonyesha vingine. Forodha ilikuwepo, ila ilisimama nje ya mlango, na ilikuwa ya China.

Juni 1841, Kapteni Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, alitangaza kwamba bidhaa zitaingia na kutoka bila ushuru. Serikali ya koloni ikajiendesha kwa kodi za ardhi, ada za leseni na kasumba (afyuni, dawa ya kulevya), kwani haki ya kuichemsha na kuiuza rejareja ilipigwa mnada. Ushuru wa pombe ulisubiri hadi 1909, na wa tumbaku hadi 1916.

Wenye meli walineemeka, na wafanya magendo vilevile. China ikajibu miaka ya 1860 kwa kuweka boti za doria kukizunguka kisiwa na kupekua majahazi ya Kichina yanayotoka. Wafanyabiashara wa Hong Kong wakapiga kelele kwamba wamezingirwa. Binafsi naona kelele hizo zilikuwa na unafiki ndani yake: waliojisifu kwa biashara huria walikuwa wakitetea pia njia za panya.

Mwafaka kati ya Waingereza na China ulipatikana 1886. Robert Hart, mzaliwa wa Ireland aliyeiongoza Forodha ya Bahari kama mtumishi wa serikali ya China, alikuwa kiini cha mazungumzo hayo. Mwaka uliofuata China ilifungua Forodha ya Kowloon, na nyingine huko Lappa, mkabala na Macau. Cha ajabu, mkuu wa Forodha ya Kowloon alikuwa na ofisi yake ndani ya Hong Kong yenyewe.

Hebu tuitazame kasumba kwa karibu. Pikuli moja, takriban kilo 60, ilidaiwa taeli 110 za fedha (taeli ni kipimo cha uzito cha Kichina) ikiingia China: 30 za forodha na 80 za kodi ya ndani. Kasha la kasumba ya Bengal lilikuwa na madonge 40. Donge moja hufichika chini ya tenga la samaki, kasha zima halifichiki. Ndiyo maana sheria ya koloni ilikataza watu wa kawaida kushika kasumba ghafi iliyo pungufu ya kasha moja.

Waingereza walipokodi maeneo ya bara mwaka 1898, vituo vya forodha vya China vilivyokuwa humo vililazimika kuhamia mpaka mpya.

Kisha ikaja reli. Kipande cha Waingereza, kutoka Kowloon hadi mpakani, kilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1910 baada ya kutoboa mlima kwa zaidi ya kilomita 2. Kile cha China hadi Canton (Guangzhou) kilifuata 1911. Abiria walikuwepo, shehena ikasuasua, kwa sababu vyombo vya Mto Pearl vilibeba kwa bei nafuu na reli haikuunganishwa na ile ya kwenda Hankow, mji ulio ndani ya China. Kiungo hicho kilipatikana 1937, vita na Japani vilipoanza. Ghafla ikawa njia kuu ya silaha kwenda bara, mpaka Canton ilipotekwa Oktoba 1938.

Oktoba 1949 treni za moja kwa moja zilisimama. Abiria walishuka Lo Wu, kituo cha mpakani, na kuvuka daraja kwa miguu, lakini mabehewa ya mizigo yaliendelea kupita. Kuanzia 1962, treni maalumu zilileta nguruwe, kuku na mboga kila siku. Abiria wa safari za moja kwa moja walisubiri hadi Aprili 1979.