Transfa si difu: yanayosemwa kuhusu oili za 4x4 na yaliyo kweli

Chini ya pikapu ya 4x4, ukiacha giaboksi yenyewe, kuna vyumba vitatu vya gia ambavyo wenye magari huvikumbuka siku vinapoanza kulia: difu ya mbele na difu ya nyuma, zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia, na transfa, inayogawa nguvu ya giaboksi kati ya difu hizo mbili. Kwa sababu vyote vitatu vina meno ya chuma ndani, wengi huamini kwamba dumu moja linatosha vyote.

"Oili ya gia ni oili ya gia, jaza kote."

Tuanze na difu. Katika difu nyingi pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu) haigusani na kraunwili (gia kubwa inayozungushwa nayo) usawa wa katikati. Imeteremshwa chini ya kitovu cha kraunwili. Mpangilio huo huitwa haipoidi. Meno yake hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya jingine huku yamebeba nguvu yote inayokwenda kwenye magurudumu, na utando wa kawaida wa oili hukamuliwa ukatoka. Ndiyo maana oili ya daraja la API GL-5 hutiwa kwa wingi viungo vya salfa na fosforasi. Joto la msuguano likipanda, viungo hivyo hushikana na uso wa chuma na kujenga tabaka jembamba ambalo hulika badala ya jino lenyewe.

Transfa haina shida hiyo. Nyingi za kisasa hupeleka nguvu mbele kwa mnyororo, na baadhi zina pampu ndogo ya kuinua oili. Hizo kwa kawaida hutaka ATF, ile ile nyepesi ya giaboksi ya otomatiki. Ukizijaza oili nzito ya gia ya 80W-90, pampu itanyonya kwa taabu asubuhi ya baridi na beringi za juu zitasubiri oili. Lakini usikimbilie kusema "transfa ni ATF", maana hiyo nayo ni dhana potofu: zipo za gia tupu zinazotaka oili ya gia ya 75W-90, na zipo zenye klachi inayobanwa kwa umeme ambazo watengenezaji wake wameziwekea oili yake mahususi. Humo, oili isiyo yake inaweza kuifanya klachi iteleze au itetemeke. Na usitazame rangi. Wekundu wa ATF ni rangi iliyotiwa tu. Hausemi lolote kuhusu viwango vyake. Kinachosema ni kitabu cha gari, kwa modeli yako na aina ya transfa iliyofungwa humo.

"GL-5 imeizidi GL-4, kwa hiyo ni bora."

GL-4 ni daraja lenye viungo hivyo kwa kiasi kidogo, na watu husoma namba hizi kama madarasa ya shule. Si hivyo, ni kazi mbili tofauti. Giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono, na transfa chache pia, ina sinkronaiza, pete ambazo mara nyingi hutengenezwa kwa metali za jamii ya shaba, na ambazo zinapaswa *kukamata* ili mwendo wa gia ulingane kabla hazijaingia. GL-5 inaweza kuteleza mno kwa kazi hiyo, na viungo vya salfa vya baadhi ya oili hizo huila shaba. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: GL-4 ndani ya difu ya haipoidi yenye mzigo itaacha meno yachubuke.

"90 ni nzito mara mbili ya 40 ya injini."

Vipimo vya SAE vya unene wa oili za gia na za injini ni rula mbili tofauti. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya gia ya SAE 90 ina mnato wa sentistoki 13.5 hadi 18.5. SAE 40 ya injini iko kati ya 12.5 na 16.3, na SAE 50 huanzia hapo hapo ilipoishia 40. Kwa unene, basi, 90 ni jirani yao tu. Nalisema hili kwa sababu ya mtindo wa kumimina oili nzito zaidi ya 85W-140 ili difu inayolia inyamaze. Inaweza kunyamaza kweli. Beringi iliyokwisha imebaki imekwisha, ila sasa huisikii. Kama kitabu kinaruhusu 140 kwa joto kali na mizigo mizito, itumie. Kama dawa ya kelele, hapana.

"Difu ya LSD lazima itiwe dawa ya ziada."

LSD ni difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Inayotaka dawa ya kulainisha msuguano ni ile ya sahani za klachi peke yake, na hata hapo baadhi ya oili huja zikiwa na dawa hiyo tayari. Zungusha gari polepole kwa umbo la nane: ikiguguma kwenye kona, ongeza kidogo. Ukizidisha, sahani zitateleza na LSD yako itakuwa difu ya kawaida. Difu za kufunga kwa upepo au umeme haziihitaji.

"Situmii 4WD, kwa hiyo transfa haichoki."

Nguvu ya magurudumu ya nyuma hupita humo kila siku. Na kama gari halina habu za kuachia, zinazotenganisha magurudumu ya mbele na ekseli yake, difu ya mbele nayo inazunguka muda wote.

"Oili ya difu haibadilishwi."

Waulize waliovuka mito. Ekseli ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa. Kitundu cha kupumulia kikiwa kimeziba, maji hunyonywa kupitia sili. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, imwage leo.

Unapoimwaga, fungua kwanza plagi ya kujazia. Mimi niliwahi kuanza na ya chini, oili ikaisha yote, ndipo nikagundua ya juu imeshika kutu na haigeuki. Gari lililala pale pale. Kujaza ni mpaka ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa limesimama sawa, maana ukizidisha itatoa povu na kutafuta njia kwenye sili hadi kwenye breki. Kisha tazama sumaku ya plagi. Ute mweusi laini ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha vikionekana, acha dumu pembeni: difu hiyo inafunguliwa.