Kuombea umoja si kurudishwa Roma

Hapa Kisumu, kila Januari 18 inapokaribia, nasikia neno lile lile: kwamba Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo ni mbinu ya Wakatoliki ya kuwarudisha Waanglikana na Marafiki (Waquaker) chini ya Roma. Hofu hiyo ina chanzo, na si haki kuibeza. Maombi hayo yalianzishwa mwaka 1908 na Paul Wattson, kasisi wa Kianglikana nchini Marekani, ambaye kweli alitamani wote waungane na Papa, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaingia Ukatoliki. Lakini katika miaka ya 1930 Paul Couturier, padri wa Lyon, Ufaransa, aliibadili nia: watu waombe umoja jinsi Kristo anavyoutaka, kwa njia azitakazo yeye. Tangu 1968 matini ya maombi hayo hutumiwa kwa makubaliano ya Vatikani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Hakuna anayeombwa kuliacha kanisa lake. Katika matanga moja karibu na Maseno niliwaona mama Mwanglikana na jirani yake Mkatoliki wakishika kitabu kimoja cha nyimbo, mmoja akimwonyesha mwenzake ubeti kwa kidole. Jumapili kila mmoja alisali kanisani kwake.