Bakuli zima la uji halimfai aliyekatwa umio

Watu bado wanaamini mgonjwa akishafanyiwa oparesheni ya kansa ya umio, yaani koo la chakula, lazima ashindiliwe uji bakuli zima, tena wenye sukari ya kutosha, ndo nguvu zirudi. Hapana jamani. Mara nyingi umio ukikatwa, tumbo la chakula ndo linavutwa juu kifuani liwe bomba jipya, sasa bakuli zima litakaa wapi? Na ile sukari ikishuka fasta kwenye utumbo mtu anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anaharisha, halafu nyumbani wanasema karogwa. Mpe kidogo kidogo mara 6 mpaka 8 kwa siku, maji anywe baadaye sio katikati ya kula, na asilale hapohapo. Chakula kikianza kukwama arudi hospitali, mara nyingi ni kovu pale palipoungwa limebana, na huwa wanapapanua.